Dhima ya Mlizamu

Wageni wanaouzuru Mji Mkongwe wa Unguja hutazama milango, na hawana lawama katika hilo, kwa kuwa milango ile iliyochongwa kwa nakshi na kupigwa vifundo vya shaba ni fahari iliyo wazi kwa kila mwenye macho. Lakini sisi tuliolelewa ndani ya nyumba zile, tukalala chini ya boriti zake na kuisikia masika ikipita juu ya vichwa vyetu, tumezoea kuinua macho juu zaidi, tukautazama mlizamu unaomwaga maji ya dari. Mlizamu ukiwa safi, nyumba ina watu wanaoijali, hata kama rangi yake imechujuka na dirisha lake limepoteza mbao mbili. Na mlizamu ukiwa umeziba, ukaota majani, ukauachia ukuta unywe maji ambayo yalipasa kutupwa njiani, basi nyumba ile imekwisha kuhukumiwa, ingawa wakaazi wake bado wanapika, wanaoza na kuzaa ndani yake. Jambo hili dogo ndilo ninalotaka kulisema hapa, kwa sababu nimeliona likisahauliwa na watu wema, wenye elimu nyingi na fedha nyingi, waliokuja kuihuisha mitaa yetu ya zamani.

Wazazi wangu walihamia mtaa wa Kiponda, humo Mji Mkongwe, miaka michache baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, wakitoka shamba, kusini ya Unguja. Wenye nyumba wengi walikuwa wamekwisha kuondoka, baadhi kwa hiari na baadhi kwa khofu, na nyumba zao zilipoingia mikononi mwa serikali ziligawiwa chumba chumba kwa watu waliokuwa hawana pa kukaa. Ilikuwa ihsani kubwa, wala sitaki asomaye adhani kwamba naidharau: baba yangu, aliyezaliwa katika nyumba ya udongo na makuti, alilipa kodi ndogo kila mwezi, akawalaza watoto wake chini ya dari ambayo zamani ilimfunika tajiri wa karafuu. Familia tano tulikaa katika nyumba ile. Kila familia ilikuwa na mlango wake, na kufuli yake, na pazia lake. Na kila mama alifagia mbele ya mlango wake mpaka pale ulipoanzia mpaka wa jirani. Lakini ngazi haikuwa ya mtu, karo la maji machafu halikuwa la mtu, na dari, ambayo ndiyo mlezi wa vyote vilivyo chini yake, ilikuwa ya serikali. Na serikali haikai Kiponda ikasikia tone likianguka usiku.

Ili msomaji aelewe kwa nini tone hilo lina uzito, yafaa nieleze jinsi nyumba hizi zilivyojengwa. Ukuta wake ni wa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa, na unene wake hufika dhiraa moja na zaidi. Juu ya kuta mbili hulazwa boriti za mikandaa, na kwa kuwa boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa pasipo kupinda, vyumba vya pwani yetu, tangu Lamu hata Kilwa, vimekuwa vyembamba na virefu, upana wake usipite sana mita tatu. Juu ya boriti hupangwa mawe madogo, kisha humiminwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, ikapigwa kwa magongo siku baada ya siku mpaka ikakaza. Na kazi hiyo ya kupiga dari, katika zama za kale, ilifanywa na kundi la watu waliokwenda kwa mpigo mmoja huku wakiimba. Nyumba iliyojengwa hivi yaweza kuishi karne mbili kwa sharti moja, nalo ni kwamba isinyweshwe maji. Maji yakiingia kichwani mwa ukuta, udongo ulio kati ya mawe hulainika na kuchukuliwa taratibu. Ncha ya boriti iliyozikwa ukutani huoza mahali ambapo jicho halifiki. Na siku moja, aghalabu baada ya mvua kukatika na watu kushusha pumzi, chumba kizima huteremka. Tena nyumba hizi zimeegemeana, ukuta mmoja ukitumiwa na majirani wawili, hata uzembe wa nyumba moja huwa msiba wa mtaa. Mabati yaliyowekwa juu ya dari nyingi zilizokuwa tambarare yalisaidia kuyafukuza maji, lakini mara nyingi yaliyahamisha tu, kwa kuwa paa la mgongo lisilo na mchirizi humwaga mvua yake yote juu ya ukuta wa mwenziwe.

Mji huu haukukosa watu wa kuupangia. Mwaka 1923 Mwingereza H. V. Lanchester aliuchorea mpango. Mwaka 1958 ukaja mwingine, kabla ya ukoloni kuondoka. Mwaka 1968 wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki wakachora ule uliozaa majumba marefu ya Michenzani. Na mwaka 1982 Wachina wakaleta wao. Mapema katika miaka ya 1980 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliutazama mji wa mawe wenyewe, wakaonya kwamba unaporomoka, na mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Sheria yake ilikuja mwaka 1994, na mpango wa hifadhi uliotayarishwa kwa msaada wa taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ulizikagua nyumba moja moja, ukazipa daraja kwa kadiri ya thamani na uchakavu wake. Desemba 2000 UNESCO ikauingiza mji wetu katika orodha ya Urithi wa Dunia. Haya yote ni mema, na mema zaidi kuliko yote, kwa maoni yangu, yalikuwa kule kufufuliwa kwa zahanati kongwe ya Mizingani, jengo lililoanzishwa na Tharia Topan mwaka 1887, kwa sababu katika kazi ile vijana wa Unguja walifundishwa upya ufundi wa chokaa, mbao na nakshi ambao ulikuwa unakwenda kaburini pamoja na wazee.

Mvua za mwisho wa mwaka 1997, zile ambazo Afrika ya Mashariki nzima inazikumbuka kwa jina la El Nino, ndizo zilizotutoa usingizini. Dari ya jiko la juu katika nyumba yetu ilianguka alfajiri, na kwa rehema ya Mwenyezi Mungu hapakuwa na mtu chini yake. Tuliandika barua kwa afisi iliyokuwa na dhamana ya nyumba. Tukajibiwa kwa adabu kwamba shauri letu limepokewa na litatazamwa. Miezi ikapita, na shauri likawa bado linatazamwa. Ndipo tukasikia kwamba upo mpango wa kuwasaidia wakaazi wa nyumba za pamoja, ambao fedha zake zilitoka ng'ambo na ushauri wake kwa mabingwa wa uhifadhi, lakini sharti lake lilikuwa geni masikioni mwetu: nyumba haingeguswa mpaka wakaazi wenyewe wakae kitako, wachague kamati, na waseme watachangia nini.

Kikao cha kwanza kilifanywa barazani baada ya sala ya isha, na sheha akihudhuria. Mimi nilifanywa katibu, kwa kuwa nilikuwa karani na hati yangu inasomeka. Msomaji asidhani kwamba watu wanaokaa chini ya paa moja hupatana kwa wepesi. Bwana mmoja wa chini, mtu mkweli na mchapa kazi, alisimama akasema yaliyokuwa moyoni mwa wengi: mvua haijamdondokea hata siku moja, kodi anayolipa ni sawa na ya wenzake, basi kwa haki gani atatoa fedha ya kutengeneza dari ya mtu mwingine? Wa juu wakakasirika, sauti zikapanda, na sheha akawa anatafuta njia ya kukiahirisha kikao. Bibi mmoja wa ghorofa ya kwanza, ambaye sote tulimheshimu kama mama, akamwambia yule bwana kwa upole: "Mwanangu, wewe karo linakufurikia kila masika mpaka mlangoni, na maji yale yanatoka juu kwetu sisi. Tukikutengenezea karo lako, hutatusaidia dari yetu?" Bwana akanyamaza kitambo, kisha akauliza karo litagharimu kiasi gani. Tangu hapo tulizungumza kwa hesabu, si kwa hasira, na ikawa dhahiri kwa kila mmoja kwamba maji hayajui mpaka wa chumba, na kwamba yeye akaaye chini ana haja na wa juu kama wa juu alivyo na haja naye.

Mfuko wa mpango ulilipa boriti, mbao za ngazi na ujira wa mafundi. Sisi tulitoa nguvu: kubeba mawe na mchanga kutoka mahali gari lilipokomea, kwa kuwa vichochoro vyetu havipitishi gari; kuondoa kifusi; kulinda vifaa usiku; kuwapikia mafundi; na kina mama wakaanzisha upatu ambao fungu lake moja katika kila mzunguko liliwekwa kwa ajili ya nyumba. Fundi mkuu alikuwa miongoni mwa wale waliojifunza katika kazi kubwa za mjini. Jambo la kwanza alilolifanya lilituudhi, kwani alianza kubandua lipu ya saruji ambayo baadhi yetu tuliipiga kwa gharama zetu wenyewe tukidhani tunaiponya nyumba. "Saruji ni ngumu, wazee wangu," alituambia, "na ugumu wake ndio ubaya wake. Inaufunga ukuta kwa nje, unyevu unabaki ndani unautafuna." Chokaa, alieleza, huuacha ukuta ukauke, tena hukubali kunyumbuka kidogo nyumba inapojisogeza, ilhali saruji hupasuka, na ufa wake ukawa mlango wa mvua. Chokaa yenyewe ilitaka subira, maana baada ya mawe kuchomwa katika tanuu la magogo na kumwagiwa maji, yafaa iachwe ilale miezi kabla ya kutumiwa. Vijana waliona huo ni ukawiaji usio na maana. Walipokuja kuipiga dari kwa magongo pamoja na dada zao, na wazee wakakumbuka nyimbo za kazi zilizokuwa hazijasikika Kiponda kwa zama nyingi, hakuna aliyeuliza tena kwa nini tusinunue mifuko ya saruji dukani.

Dari ilikwisha, ngazi ikasimama, karo likafunikwa. Lakini nikiulizwa ni kipi katika mpango ule kilichotufaa kuliko vyote, nitataja mkataba wa ukurasa mmoja uliotiwa sahihi na familia zote tano mbele ya sheha. Ulisema kwamba milizamu na michirizi itasafishwa kabla ya masika na kabla ya vuli, na zamu ya kila familia ikatajwa. Kwamba fedha ya matengenezo itawekwa na yule bibi wa ghorofa ya kwanza na itasomwa mbele ya wote. Kwamba hakuna atakayepiga saruji, kutoboa ukuta au kuongeza choo bila ya kamati kujua. Upande wa pili wa ukurasa ulikuwa mgumu zaidi kupatikana, nao ni ule uliotuhakikishia sisi. Baada ya majadiliano marefu ilikubaliwa kwamba familia iliyohamishwa kwa muda ili chumba chake kitengenezwe itarudi katika chumba kile kile, kwamba kodi haitapandishwa kwa sababu ya kazi tuliyoifanya kwa mikono yetu, na kwamba sehemu ya kodi itabaki katika mfuko wa nyumba. Ukurasa wa dhima na ukurasa wa haki ulikuwa karatasi moja. Naamini kwa dhati kwamba ungechanwa katikati, upande wowote ungebaki maneno matupu, kwa maana mtu hawezi kupanda juu ya paa mwezi wa Februari kusafisha mlizamu wa nyumba ambayo huenda akatolewa mwezi wa Juni.

Nasema hivi kwa ithibati ya nilichokiona karibu yetu. Ilikuwapo nyumba nyingine, nzuri kuliko yetu, yenye behewa pana na roshani ya mbao, ambayo ilikarabatiwa vizuri kuliko yetu, kwa fedha nyingi kuliko zetu, na mkandarasi aliyeajiriwa toka juu. Wakaazi wake hawakuulizwa neno. Waliambiwa wahame, na kazi ilipokwisha waliambiwa warejee, wakarejea kama wageni, wakikuta vyoo mahali wasipopataka na jiko mahali lisipofaa. Katika miaka michache michirizi ilikuwa imeziba, na kila mmoja akiulizwa alijibu kwamba wapo waliotengeneza, na waje watengeneze tena. Nyumba ikaanza kuvuja, ikatangazwa kuwa ya hatari, ikahamwa, na mwishowe ikawa hoteli.

Kuhusu hoteli sitaki kusema kwa chuki. Wawekezaji wengi wamezinusuru kuta ambazo zingekuwa kifusi leo, na vijana wetu wamepata riziki humo. Walakini mtaa haujengwi kwa kuta peke yake. Pale ambapo nyumba tatu zinazofuatana zimekuwa za wageni, chuo cha Qurani hukosa watoto, safu ya alfajiri msikitini hufupika, muuza maandazi huhamia Darajani, na baraza, ambayo ilijengwa ili miguu ya ukuta ikingwe na maji na watu wapate pa kukalia, huwekewa minyororo au vyungu vya maua. Wenye kodi ndogo huenda Ng'ambo na mbali zaidi, Fuoni na Mwanakwerekwe, na wengi wao ndio waliojua mlizamu upi huziba kwanza. Serikali za mitaa husema mji umependeza. Mimi nauliza umependeza kwa nani, na naona ni swali la haki, linalostahili jibu kabla ya kila jiwe kuwekwa.

Bara pia lina mafunzo yake. Nilipata kuuona mtaa wa Hanna Nassif huko Kinondoni, Dar es Salaam, ambao hauna majumba ya mawe wala nakshi, bali nyumba za Kiswahili zilizojibana kando ya bonde linalofurika. Kuanzia mwaka 1994, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine, wakaazi walijichimbia mitaro na kutengeneza barabara kwa mikono yao, wengine wakilipwa ujira na wakati huo huo wakijitolea sehemu ya kazi, na jumuiya yao ikatoza ushuru magari yanayopita ili ipatikane fedha ya kuitunza mitaro. Wale walifanya jambo ambalo miradi mingi mikubwa haikulifanya: waliweka njia ya kupata fedha ya matunzo kabla wafadhili hawajafunga mikoba. Mafuriko yalipopungua, thamani ya nyumba ilipanda, na kodi ikapanda nyuma yake. Mwenye nyumba akashukuru, na mpangaji, ambaye huenda alichimba mtaro kwa jembe lile lile, akalazimika kuhesabu senti zake upya. Sitasema kazi ile haikufaa. Ilifaa sana, na ndiyo maana nasikitika kwamba mpangaji hakuandikiwa ukurasa wake.

Nikirudi Unguja, Beit al-Ajaib, jengo la Sayyid Barghash la mwaka 1883, lililokuwa kubwa kuliko yote katika mji wetu, lilimeguka pembe moja mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya matengenezo, sehemu yake kubwa ikaporomoka na kuua watu wawili. Mji mzima ulilia, nami nililia pia. Nyumba yetu ya Kiponda, isiyo na jina katika kitabu chochote, ingali imesimama. Yule bibi amekwisha kufariki, Mungu amrehemu, na daftari la mfuko liko kwa binti yake; familia mbili zimehama kwa hiari na nafasi zao zimeshikwa na nyingine, ambazo zilisomewa mkataba kabla ya kupewa funguo.

Sasa macho ya wapangaji wa miji yameelekea Ng'ambo, upande wa pili wa Darajani, ambako wako watu wengi zaidi na nyumba zao nazo zimezeeka. Upo mpango ulioanza muongo uliopita kwa jina zuri la Ng'ambo Tuitakayo, na naupenda kwa sababu ulianza kwa kuwauliza wenyeji wa Ng'ambo wanaitaka vipi, jambo ambalo Kiponda tulilipata kwa bahati na jirani zetu hawakulipata kabisa. Nawasihi wenye mamlaka, katika Unguja na katika kila mji wa pwani wenye mitaa ya zamani, wasiishie katika kuuliza. Kabla ya kuagiza mawe na mabati, waandikiane na wakaazi, wapangaji kwa wenye nyumba, karatasi inayosema nani atasafisha mitaro na michirizi, fedha ya matengenezo itatoka katika fungu gani la kodi, na mpangaji aliyebeba mawe atalindwa kwa sheria ipi asitolewe mtaa ukisha kupendeza.